Mchango wa shule ya mwaloni Buchosa: tununue vishikwambi, projekta au spika? Nimechimba, naweka hapa

#1 Karabai

Wakuu, salaam. Uzi mrefu, mwenye haraka apite.

Sisi ni kikundi cha watu waliozaliwa kijiji kimoja cha mwaloni, yaani wanakoshusha samaki na dagaa, kando ya Ziwa Victoria, Buchosa. Wengi sasa tuko Mwanza mjini: Buhongwa, Igoma, Kirumba. Mfuko wetu ulikuwa wa misiba na harusi, lakini mwaka huu tumekubaliana sehemu yake iende kwenye shule ya msingi tuliyosoma. Hapo ndipo vita ilipoanza. Nusu ya kikundi wanataka vishikwambi thelathini, diwani aje akate utepe, picha zipigwe. Wengine wanataka projekta. Mimi nimetumwa kusoma na kuulizia kabla hela haijatoka.

Hali ya shule ni hivi. Umeme upo ila unakatika. Darasa la kwanza na la pili wamebanana, zaidi ya mia kwa chumba kimoja. Mtandao unaushika ukipanda kwenye mawe nyuma ya shule, darasani hakuna kitu. Watoto nyumbani wanaongea Kisukuma, wengine Kijita, Kiswahili wanakutana nacho shuleni. Walimu wana vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 halafu serikali ikawagawia. Hicho mkishike, kina kazi huko mbele.

Nianze na kilichonitia hofu. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Dola 100 haikufikiwa, ilipoanza kuuzwa ilikuwa inakaribia 190. Peru wakanunua kuliko wote, zaidi ya mashine 800,000. Rwanda nao wakaingia. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikaenda kupima katika shule 319 za vijijini Peru, ripoti ikatoka 2012. Watoto wa shule zilizopata na wa shule zilizokosa, kwenye hesabu na kusoma hawakupishana. Palikuwa na dalili ya kuchangamka kidogo kwenye vipimo vya mafumbo, basi.

Na mashine zilifika kweli, hazikuliwa njiani. Watoto walizishika na kuzitumia. Ila saa nne asubuhi, kipindi cha hesabu, mwalimu hakuwa na la kufanya nazo lililohusiana na alichokuwa akifundisha. Kipindi kikaendelea na chaki, mashine ikawa ya kupigia picha na kuchezea.

Msimamo wangu kabla hamjanishambulia: hela yetu ni ndogo, iende kwenye kitu kinachoingia ndani ya kipindi ambacho mwalimu tayari anakifundisha, cha bei ambayo kikiharibika hatutalia. Naona ni sauti, yaani spika na memori kadi. Vishikwambi thelathini nitavipinga kwenye kikao. Lakini nataka kusikia waliofundisha, waliotengeneza na wenye watoto huko. Karibuni.

#2 Jiwe_Juu_ya_Jiwe

Nimekaa pale kwenye benchi la mbele. Mkuu weka nyama.

#3 Mwalimu_wa_Zamu

Karabai, mwangaluka. Mimi niko darasani wilaya jirani na kwenu, somo la hisabati.

Umegusa vishikwambi vya walimu, nikuambie vinavyotumika. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo kwenye maktaba mtandao yao, tunapakua tukiwa mjini, tunaandalia somo. Mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA) tunayafuata humo, siku ya jumuiya ya kujifunza tunakaa kikundi tunajadili mada ngumu. Kwa hilo vimesaidia, anayebisha hajawahi kufundisha shule yenye nakala mbili za kitabu cha kiada. Ila bando ni la mwalimu mwenyewe, kwa hiyo mwisho wa mwezi kishikwambi kinalala.

Kwa watoto mia na ushee, kishikwambi kimoja mbele ya darasa hakionekani hata na mtoto wa dawati la tatu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wafadhili hawalijui. Kuna shule nimepita, siitaji, ililetewa kompyuta nzuri kabisa. Zikafungiwa chumba chenye nondo dirishani. Funguo anayo mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu siku nyingi yuko halmashauri. Ukimuuliza kwa nini haachi funguo, anakuambia jina lake ndilo lililo kwenye leja ya mali za shule. Moja ikiibiwa atalipa yeye. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Watu wanasema walimu wakuu hawapendi teknolojia. Uongo. Wanaogopa deni.

Kwa hiyo mkileta chochote, leteni na barua iliyosainiwa na kikundi chenu pamoja na kamati ya shule, iseme wazi kwamba kifaa kikivunjika au kikichakaa mikononi mwa mwalimu akiwa kazini, hakuna atakayekatwa mshahara. Barua hiyo ina thamani kuliko waranti.

#4 Karabai

Mwalimu, wabeja sana. Hili la leja peke yake limelipa uzi. Nalipeleka kwenye kikao kama lilivyo.

#5 Dogo_Teki

Mkuu unaturudisha nyuma. Masomo ya kusikiliza kama redio mwaka huu? Wenzetu wako kwenye akili mnemba.

Na umechagua mfano wa Peru makusudi, ukaruka wa hapa hapa Tanzania. Shindano la Global Learning XPRIZE lilifanyika Tanga, vijiji 170, watoto karibu 2,700, kila mtoto na kishikwambi chake, programu za Kiswahili, miezi 15 kuanzia mwishoni mwa 2017. Zaidi ya asilimia 90 ya wale watoto walianza wakiwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho idadi hiyo ikashuka kwa nusu. BILA MWALIMU. Washindi wawili, onebillion wa Uingereza na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10 mwezi wa tano 2019. Hilo hulisemi?

#6 Karabai

Nilikuwa nakuja huko, dogo, umenikatia njia. Namba zako ziko sawa. Tuzisome vizuri sasa.

Wale wengi wao hawakuwa shuleni kabisa, karibu robo tatu walisemekana hawajawahi kukanyaga darasa. Ukimpa mtu ambaye hana kitu chochote, kitu chenye mpangilio, atapanda. Wetu wako shuleni, wamekaa chini, mwalimu yupo mbele amezidiwa. Tatizo si lile lile.

Pili, kila mtoto alikuwa na chake. Sisi tunazungumzia thelathini kwa watoto mia kadhaa.

Tatu, kijijini kulikuwa na kituo cha sola cha kuchajia na mtu wa kukiangalia, na nyuma yake UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali. Kikundi chetu kina mweka hazina na daftari.

Ila kuna kitu cha Tanga kinachotufaa, na bure: programu za waliofika fainali ziliachiwa wazi, yeyote anaweza kuzitumia, na ziko kwa Kiswahili. Zimejengwa kwa hatua, mtoto hapandi ngazi kabla hajamaliza aliyopo. Hapo ndipo penye dawa yenyewe. India, kule Delhi, kuna programu inaitwa Mindspark, mtoto wa darasa la sita akionekana yuko kiwango cha darasa la pili inamshusha hadi pale na kuanza naye. Watoto walipanda sana kwenye hesabu. Kwa hiyo tukiwa na hela ya ziada, vishikwambi sita vya kuzungusha kwa wale waliobaki nyuma kabisa, mchana baada ya vipindi, mimi siwezi kupinga. Thelathini vya kupigia picha, napinga.

Akili mnemba tutaongea mtandao ukishuka kutoka kwenye mawe.

#7 Jiwe_Juu_ya_Jiwe

"Tutaongea mtandao ukishuka kutoka kwenye mawe" 😂😂 Dogo Teki umepata chako.

#8 Mzee_wa_Pamba

Shikamooni au marahaba, sijui nani mkubwa humu. Anayeniandikia ni mjukuu, mimi nasema tu.

Mnazungumza kama vile mambo haya yameanza na simu. Mwaka 1968 UNESCO walileta Mwanza mradi wa kisomo cha watu wazima, ukaenda hadi 1972, kwenye mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi ambayo sasa mnaita Kagera. Vitabu vyake havikuanza na "baba, kaka, dada". Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, mfugaji cha ng'ombe. Mtu anajifunza herufi huku anajifunza kupanda kwa mstari. Halafu mtu aliyejua kusoma jana atasoma nini leo? Likatoka gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Nilikuwa kijana, nilifundisha kisomo jioni kwa kujitolea.

Na redio. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi kusikiliza. Lakini msidhani ni redio iliyochimba vyoo. Walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Kila kikundi kina kitabu. Redio ikinyamaza, kiongozi anasoma, watu wanabishana, halafu kabla ya kuondoka wanaamua: wiki hii tunachimba choo cha fulani, tunafyeka nyasi kisimani. Wiki inayofuata mnaulizana. Ukiwa hujachimba unaona aibu kuja.

Wasioweza kusoma nchini walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Mtihani wa taifa wa 1975 ulikuta wamebaki 39. Redio ilikuwepo, gazeti lilikuwepo, lakini kulikuwa na mtu kila kitongoji aliyepewa kazi na akaulizwa imefika wapi.

Mjukuu wangu Karabai, usiulize mtanunua nini. Uliza Jumatatu ijayo nani atakuwa na orodha ya watoto mkononi.

#9 Dogo_Teki

Shikamoo babu. Sina la kujibu.

#10 Masafa_ya_Kati

Babu kanitangulia, mimi niongezee upande wa redio ya darasani, nimewahi kufanya kazi redio hapa Mwanza.

Watu wakisikia redio wanafikiria mtu anahutubia. Redio ya kufundishia inakwenda kwa njia nyingine kabisa. Ilianzia Nicaragua 1974, watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, somo la hesabu kwa shule za msingi. Sauti inauliza: "Tatu ukijumlisha na nne?" Inakaa kimya sekunde chache. Darasa zima linajibu kwa kelele. Sauti inasema: "Ni saba." Inaendelea: "Simameni. Rukeni mara tano, tuhesabu." Halafu: "Mwalimu, chora duara tatu ubaoni." Mwalimu anachora. Kila nusu dakika mtoto ana jambo la kufanya kwa mdomo au kwa mwili. Mtoto wa dawati la mwisho anapata sauti sawasawa na wa mbele. Kwa darasa la mia na ushee hakuna kifaa kingine kinachoweza hivyo.

Kenya walifundisha Kiingereza kwa namna hiyo darasa la kwanza hadi la tatu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zanzibar kuanzia 2006 walikuwa na Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo, michezo na nyimbo za Kiswahili, hata kwenye vituo vya chini ya mti.

Udhaifu wa redio ulikuwa ratiba. Kipindi kinaruka saa tatu, mwalimu yuko msibani, kimepita. Sasa hivi huhitaji mnara. Zile spika za matangazo zenye mkanda wa begani, za "dagaa, dagaa, njoo ujipimie" pale Mwaloni Kirumba, zinaingia memori kadi. Mwalimu anasimamisha, anarudia, anachagua kipindi cha nane kwa sababu cha saba jana hakikueleweka. Kwenye redio ya kawaida hilo lilikuwa haliwezekani.

Tatizo litakuwa maudhui. Nani atarekodi? Msichukue Kiswahili cha mtangazaji wa Dar anayekimbia. Mtoto anayetoka kwenye Kisukuma anahitaji sentensi fupi, na ukimya wa kutosha baada ya swali. Ukimya ndio mgumu kuurekodi, kila mtangazaji anauogopa.

#11 Karabai

Masafa, je wanafunzi wa uandishi wa habari pale SAUT, Malimbe? Wana redio yao chuoni na wanahitaji kazi za mazoezi.

#12 Masafa_ya_Kati

Wanaweza. Ila muandike na mwalimu wa darasa la kwanza chumbani, si mhadhiri. Andikeni vipindi vichache, mvijaribu kwenye darasa moja, mkae nyuma mtazame. Pale watoto wanapoanza kuchezeana ndipo mkate. Sehemu nyingine msirekodi kabisa: kuna vipindi vya Ubongo Kids, katuni za hesabu na sayansi zilizoanza kurushwa 2014, vya Kiswahili chetu na watoto wanavipenda. Waulizeni wenyewe kuhusu matumizi ya shuleni.

#13 Fundi_Soketi

Naona mnaongea elimu tu, mimi niongee vumbi.

Kwanza projekta. Nani amewahi kuwasha projekta jioni kando ya ziwa, dirisha wazi? Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu jeusi wanafuata mwanga. Feni ya projekta inawavuta ndani. Nimefungua projekta nikatoa kiganja kizima cha wadudu waliokaushwa. Mchana nako darasa halina mapazia, picha haionekani. Projekta iko vizuri mjini, ukumbi wa harusi.

Pili umeme. Swali la LUKU mmelijadili? Uniti zikiisha wiki ya pili ya mwezi nani ananunua? Na umeme ukirudi kwa kishindo chaja zinakufa. Mwaloni kwenu kuna vibanda vya kuchajia betri za taa za dagaa, si ndiyo? Basi watu wa kuchaji wapo, ujuzi upo, nendeni mkubaliane na kibanda kimoja. Spika inakula umeme kidogo mno ukilinganisha na taa ya kuvulia usiku kucha.

Tatu, hapa ndipo Karabai amenifurahisha. Vishikwambi vya walimu vipo tayari. Vinakosa bando. Kuna kikompyuta kidogo kinaitwa Raspberry Pi, kilitoka 2012 Uingereza kwa dola 35, siku hizi matoleo mapya yamepanda. Ukubwa wake kama kadi ya benki, kinakula chaja ya simu au pawabenki. Unakipakia Kolibri, programu ya bure ya masomo isiyohitaji intaneti, ina Kiswahili, na Kiwix, ambayo inabeba Wikipedia nzima bila mtandao, ya Kiswahili ikiwemo. Kinatoa waifai yake chenyewe. Mwalimu anaunganisha kishikwambi chake palepale ofisini, anafungua video na vitabu, bando sifuri. Mtu mmoja anakipeleka mjini kila likizo kuongezea vitu vipya.

Onyo: adui wake ni kuzimika ghafla, memori kadi inaharibika. Wekeni kadi ya pili yenye nakala kwenye droo. Na msinunue memori za bei ya kutupwa, inasema GB 128 ukijaza inafika nane inaanza kufuta zenyewe.

#14 Mama_Furu

Mimi ni mzazi, nakaanga na kuanika dagaa, kisiwa kimoja sikitaji. Mnapanga vizuri baba zangu, lakini hamjamuuliza mtoto kwa nini hayupo darasani.

Giza likiwa zuri dagaa wanavuliwa usiku kucha, asubuhi mwalo umejaa. Watoto wa kiume wanabeba ndoo, wa kike wanaanika. Siku hizo darasa linapungua, mwalimu anafundisha waliopo, wengine wanarudi wamekuta somo limeshapita. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, watoto wanajaa shule. Hiyo spika yenu nzuri kwa sababu inarudia. Basi mpange hivyo: somo jipya liingie siku za mbalamwezi, siku za giza mrudie. Kalenda ya halmashauri haijui mwezi.

Na simu. Simu ya maana nyumbani ni ya baba, iko ziwani usiku na mchana imelala naye. Mimi nina simu ya kitochi, ya kupiga na meseji tu. Msituletee mambo ya kupakua.

#15 Karabai

Mama Furu, hili la mbalamwezi mimi mtoto wa mwaloni nilipaswa kulisema mwenyewe. Asante mama.

Na kitochi chako usikidharau. Shule zilipofungwa kwa korona Machi 2020 hapa kwetu masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni ya TBC mpaka shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni. Mwenye luninga alipata. Mwaka huohuo Botswana walifanya jambo dogo sana na kaya zaidi ya 4,500. Kundi moja lilipata meseji za hesabu kila wiki. Jingine lilipata meseji hizo, kisha mkufunzi anapiga simu, dakika kama 15 hadi 20, simu inawekwa sauti kubwa, mzazi na mtoto wanafanya swali pamoja. Meseji peke yake haikufua dafu. Simu ya mkufunzi ilipandisha watoto kwenye hesabu, na ilikuwa rahisi mno kwa gharama. Kitochi kinatosha.

Kwa hiyo vocha ya mwalimu kupigia wazazi wa watoto watoro ni "teknolojia" pia, na hakuna atakayeikatia utepe.

#16 Ngome_ya_Igogo

Mnazunguka tu. Shule haina vyoo vya kutosha, watoto wanakaa chini, nyie mnarekodi nyimbo. Nunueni madawati muondoke.

#17 Karabai

Vyoo nakubaliana na wewe bila kesi, na kikundi kilishachangia vyoo kabla ya hapa. Choo mtoto anastahili hata kama hakimuongezei alama moja.

Ila usidhani kumwaga hela shuleni kunaleta kusoma peke yake. KiuFunza ya Twaweza, 2013 na 2014, shule 350 kwenye wilaya 10 za nchi hii. Kundi moja la shule lilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, zikanunua vitabu na vifaa. Matokeo ya watoto hayakusogea. Kundi jingine likapewa hela hiyo hiyo pamoja na motisha kwa mwalimu kwa kila mtoto anayefaulu mtihani wa hesabu, Kiswahili na Kiingereza. Hapo yalipanda, na yalipanda kuliko motisha ikiwa peke yake. Vifaa vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba mwalimu alikuwa na sababu ya kuvifungua.

Sina hela ya motisha ya namna hiyo. Lakini babu ametupa njia ya bei nafuu: mtu mwenye orodha.

#18 Mwalimu_wa_Zamu

Hapo niongeze. Msituletee kazi juu ya kazi. Mwalimu wa darasa la pili ana maandalio, ana kusahihisha madaftari mia, ana fomu za kata. Kipindi cha sauti kikimpunguzia dakika ishirini za kupaza sauti, atakipenda. Kikimtaka ajaze ripoti ya mradi kila Ijumaa, kitakufa, na hamtaambiwa kimekufa, mtaonyeshwa spika ina chaji.

Pia muoneni afisa elimu kata na mwalimu mkuu kabla ya kurekodi, mfuate mtaala uliopo sasa. Vitu vinavyoingia darasani vina taratibu zake. Na kumbukeni mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo hivyo vishikwambi sita vikija viwe mali ya shule, viandikwe hivyo.

#19 Dogo_Teki

Mimi nimeshuka kidogo kwenye mti. Ila babu na Karabai, hizo spika zitadumu? Na mnajuaje kama watoto wamepata kitu, msije mkafanya kama Peru halafu nyie hata hamjapima.

#20 Karabai

Swali zuri kuliko yote uliyouliza, dogo. Kupima tutapima kwa karatasi. Kabla ya kuanza, kila mtoto wa darasa la pili anasoma herufi, silabi, maneno, kisha aya fupi, mmojammoja, na mwalimu anaandika amekwama wapi. Baada ya muhula tunarudia kwa karatasi nyingine ya ugumu uleule. Darasa la tatu halitapata spika mwaka wa kwanza, nao watapimwa tu, tuone kama tofauti ni ya spika au ni ya watoto kukua. Si utafiti wa chuo kikuu, lakini kwenye kikao mtu hatasema "naona watoto wamechangamka."

Ninachopeleka kikaoni, mnirekebishe. Spika mbili na ya tatu ya akiba. Kale kakompyuta ka Fundi ofisini kwa walimu. Vocha ya kupigia wazazi kwa muhula. Kiasi cha kibanda cha kuchajia. Barua ya leja. Vishikwambi sita visubiri karatasi ya mwisho wa muhula. Projekta tumeizika.

Kuna jamaa kwenye kikundi, mwenye hela nyingi kuliko wote, anataka kifaa chenye jina lake ubavuni. Huyo sijui nitamfanyaje.

#21 Mama_Furu

Mwandikeni jina kwenye spika, kubwa kabisa. Inabebwa begani, kijiji kizima kitasoma.

#22 Fundi_Soketi

😂😂 Mama Furu apewe uenyekiti.

Karabai, spika usinunue mtandaoni, betri zake nyingine zimekwisha kabla hujafungua boksi. Njoo Makoroboi Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, tuziwashe zote kwa nusu saa sauti ya juu, ile inayoanza kukwaruza tunaacha. Na uje na memori yenye sauti ya mtoto au ya mwalimu anaongea, usije na muziki. Muziki unaficha ubovu.

#23 Masafa_ya_Kati

Nakuja pia. Nitaleta kipindi kimoja cha majaribio, kuhesabu kwa tano. Mwalimu wa Zamu, ukipata nafasi nitumie namna unavyowauliza wewe darasani, maneno yako yaleyale, nisibuni.

#24 Mwalimu_wa_Zamu

Nitakurekodia kesho kipindi cha pili, kelele na zote.